Nimepewa darasa la wanafunzi 210 nifundishe nusu onlaini, hapa Mbeya mtandao mnaujua. Nyie wenzangu mnatumia nini?

Lekchara wa Uyole (mleta uzi)

Wakuu habarini za jioni. Mi nafundisha chuo kimoja hapa Mbeya, jina tuliache maana mkataba wangu unaisha Septemba na bado naupenda. Semista hii nimepewa takwimu za mwanzo, mwaka wa kwanza, vichwa 210. Ukumbi unabeba 120, waliobaki wanasimama dirishani kama wanaangalia mpira kibandani. Mkuu wa idara kasema nusu ya vipindi viende onlaini, nikauliza vifaa je, akanijibu "mwalimu, ubunifu".

Basi wiki iliyopita nikajaribu Zoom ya bure. Kwanza inabeba watu 100 tu, kwahiyo 110 wako nje wananitumia meseji mwalimu hatuingii. Pili dakika ya 40 ikakata nikiwa katikati ya mkengeuko sanifu. Tukaingia tena, dogo mmoja kaacha maiki wazi, darasa zima likasikia kuku na mama yake anamwambia apeleke mahindi mashine kabla hawajafunga. Dakika kumi mbele umeme ukaenda kwangu. Umeme uliporudi nikakuta wamebaki 31 na sina uhakika hata hao 31 walikuwepo au simu zao ndo zilikuwepo.

Sasa nawaza ninunue kamera nzuri nimeona Mwanjelwa laki tatu na nusu, na ile taa ya duara, alafu nilipie Zoom kabisa. Au kuna njia nyingine? Naombeni uzoefu, matusi wekeni mwisho.

Ngosha wa Kabwe

Taa ya duara mkuu unataka kufundisha takwimu au kuuza wigi

Mzee wa Sae

Mwanangu hiyo laki tatu na nusu kaa nayo kwanza. Nimefundisha miaka mingi na kosa lako nililifanya mimi kabla yako, unaanza kufikiria sura yako itaonekanaje badala ya kufikiria bando la mwanafunzi.

Chukua kalamu tupige hesabu, si wewe ni mtu wa takwimu. Video ya moja kwa moja tuseme inakula megabiti 1 kwa sekunde, na hapo sijasema ile ya kung'aa. Saa lina sekunde 3,600, gawa kwa 8 upate megabaiti, ni MB 450 kwa saa. Kipindi chako cha masaa mawili mara mbili kwa wiki ni GB 1.8. Mtoto ana kozi sita, walimu wote wakiwa wabunifu kama wewe ni karibu GB 11 kwa wiki. Wiki moja hiyo! Nani anamlipia? Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka linaenda kwenye chumba, chakula, madesa ya stationari, na kuna mdogo wake nyumbani anasubiri daftari.

Sasa geuza. Rekodi sauti peke yake kwa kilobiti 32 kwa sekunde, mono yaani chaneli moja, sauti ya mtu akiongea inasikika vizuri kabisa. Dakika 20 ni MB 4.8. Ongeza slaidi za PDF MB 1 au 2. Kipindi chote cha masaa mawili ukikikata vipande vitatu vya dakika ishirini (na niamini, masaa mawili yako ukitoa kukohoa na kuita majina yanabaki dakika 60) hakifiki MB 20. Mtoto anadaunlodi mara moja, anasikiliza hata akiwa kwenye costa anakwenda Tukuyu, anarudia pale alipopotea. Kwenye Zoom hawezi kukurudisha nyuma.

dogo_wa_Kihesa

Mzee shikamoo. Umeongea sana. Mi niko Iringa mwaka wa pili, ngoja niwape upande wetu maana walimu mnajadili kama sisi hatupo.

Ukweli ni kwamba mwalimu akisema leo kipindi Zoom, tunakaa wanne kwenye kimbweta tunafungua simu ya mmoja, yule ambaye bando lake limebaki. Wengine watatu tunasikiliza kwa pembeni, kioo kimepasuka, jua linapiga, slaidi huoni kitu. Alafu mwalimu anasema "washeni kamera nione kama mpo" ukiwasha kamera tu MB zinakimbia kama bodaboda wa Ipogolo. Na rosta ya mahudhurio inaonesha mtu mmoja wakati tupo wanne.

Kwa maoni yangu WhatsApp inatosha, kila mtu anayo, bando za WhatsApp ni rahisi, mwalimu atume sauti na PDF kwenye grupu yaishe. Hizo mifumo zingine paswedi zenyewe tunasahau

Mzee wa Sae

Marahaba dogo. Hilo la wanne simu moja walimu wenzangu wengi hawalijui.

Mama Rungwe

Dogo nimekusikia mwanangu lakini WhatsApp mimi imenitesa, ngoja niseme.

Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa mwezi wa tatu wanafunzi wakarudi makwao mpaka tarehe 1 Juni vilipofunguliwa. Hatukuwa na mfumo wowote wa maana pale nilipokuwa, nikafungua grupu la WhatsApp. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya tatu kuna mmoja kwao Makete ndani ndani huko, anapanda kilima jioni akashike mtandao, akiufungua anakuta meseji 600: salamu za asubuhi, linki za pesa za bure, wawili wanagombana Simba na Yanga, na notsi zangu ziko chini huko meseji ya 212. Anaanza kutafuta, mvua inaanza, anashuka. Kesho yake anapanda tena. Alinisimulia tuliporudi na nilijisikia vibaya mno maana mimi nilikuwa naona tiki za bluu najua wamesoma.

Kuna na jingine ambalo wanaume huwa hamlioni. Ukimweka binti kwenye grupu la watu 200 umegawa namba yake kwa watu 200. Nimekuwa na wasichana wawili wanasumbuliwa usiku na watu wasiowajua, wakaamua kutoka kwenye grupu, na wakitoka grupu wametoka darasani. Telegram angalau mtu anaweza kuficha namba. Na tafadhali walimu mnaobandika matokeo ya test kwenye grupu, majina na maksi hadharani, tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, siku mtapatana nayo.

Kwahiyo mimi WhatsApp nimeiacha iwe ya CR, yaani kiongozi wa darasa, kutangazia tu: notsi zimewekwa, kipindi kimehama. Basi. Mali yenyewe inakaa Moodle, ule mfumo wa chuo wa kuweka notsi na kwizi mtandaoni.

Ngosha wa Kabwe

Moodle ya chuo chetu ukifungua inazunguka mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini

fundi_seva

Nilikuwa napita kimya ila hapa mmenigusa kazini kwangu.

Moodle yenyewe si tatizo wakuu. Ni programu ya bure tangu 2002, aliianzisha jamaa wa Australia anaitwa Martin Dougiamas, mtu yeyote anaichukua anaiweka kwenye seva yake bila kulipa leseni. Tatizo vyuo vingi vinaiweka alafu hakuna anayeishika. Mfano mdogo tu, walimu wanalalamika "mfumo unakataa faili langu". PHP, lugha iliyoandikia Moodle, ikitoka kiwandani kikomo chake cha kuaplodi faili moja ni MB 2! Kama mtu wa IT hajakigusa, PDF yenye picha tatu haipandi. Ni mistari miwili ya kubadilisha, dakika tano, mwalimu anateseka mwaka mzima na anarudi WhatsApp.

Hilo la kuzunguka nalo lina sababu. Seva haiangalii wamejiandikisha wangapi, inaangalia wamebonyeza wangapi kwa pamoja. Mwalimu anafungua kwizi saa moja kamili ya wanafunzi 200 na wote wanabonyeza Anza sekunde ileile, seva ndogo inalala chali. Ukiiacha kwizi wazi kuanzia asubuhi mpaka usiku, kila mtu akiingia ana dakika zake 30 basi, seva ileile inapita bila jasho. Hofu yenu najua, watapeana majibu. Tengeneza benki ya maswali 60 mfumo uchote 10 kwa kila mtu. Na wewe wa takwimu una bahati, kuna aina ya swali ambalo namba zinabadilika kwa kila mwanafunzi, huyu anatafuta wastani wa seti yake na yule ya kwake, kanuni ni moja jibu ni tofauti. Akimdesa jirani anaandika jibu la jirani, anajikamatisha mwenyewe.

Mleta uzi, kitu ambacho walimu wengi hawakijui ni apu ya Moodle ya simu. Mwanafunzi anaingia kwenye waifai ya chuo, anadaunlodi kozi nzima ya wiki hiyo, anarudi geto anasoma bila bando. Hata kwizi anaweza kuifanya bila mtandao akaituma akipata mtandao, ila wewe mwalimu lazima uiruhusu kwenye setingi za kwizi, na iwe haina kikomo cha dakika, ukiweka saa inayohesabu basi bila mtandao haifanyi. Kwahiyo mazoezi ya kila wiki yaende kwa njia hiyo, test yenye maksi nzito ifanyike chuoni.

Na kama chuo kimekwama kabisa kuna kitu kinaitwa MoodleBox, unachukua kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi unaweka Moodle humo kinatoa waifai yake chenyewe. Wanafunzi waliokaa karibu wanaunganisha, wanachukua notsi, wanarudisha asainimenti, hakuna intaneti hata chembe. Kinawaka hata kwa pawabenki. Hakibebi watu 210 kwa mpigo, ila kwa kundi la semina watu thelathini hivi kinajitosheleza.

Lekchara wa Uyole

Fundi ungekuja miaka miwili iliyopita ningekuwa na nywele bado. Nimeenda kuangalia kikomo cha kwetu leo asubuhi, ni MB 2 kweli! Kijana wa IT kanambia hakuna mwalimu aliyewahi kuja kuuliza.

Swali kwa Mzee, sauti nimeelewa, lakini takwimu ina kanuni na majedwali, nitaisemaje alama ya sigma kwa mdomo?

Mzee wa Sae

Andika kwa mkono. Karatasi nyeupe, kalamu nene, hatua moja kila ukurasa, ukurasa upe namba kubwa. Piga picha kwa zile apu za kuskani zinazotoa PDF. Kwenye sauti unasema "fungua ukurasa wa nne, tazama mstari wa pili, hapo nimetoa wastani kwenye kila namba". Ni kama redio yenye daftari. Wanafunzi wangu wanasema wanaelewa kuliko slaidi maana slaidi zinakuja zimeshakamilika, mwandiko unaonesha mtu alivyofika.

Ukitaka video lazima, iwe ya dakika tano kwenye lile fundo gumu tu. Simu iweke juu ya rundo la vitabu iangalie karatasi, uonekane mkono, sura yako haina kanuni yoyote. Ukimaliza ipitishe kwenye HandBrake, ni programu ya bure, inapunguza faili vizuri sana.

Na mpendwa, usirekodi mchana wa Februari chini ya bati. Mimi niliongea dakika 25 tamu kabisa, kusikiliza ni mvua tupu, unasikia tu "kwahiyo" na "mnaona". Siku hizi narekodi saa 11 alfajiri, au naingia kwenye gari nafunga vioo. Mke wangu alinikuta siku moja nimejifunika blanketi naongea peke yangu kuhusu riba akamwita shemeji yangu.

KamweneJr

Hahaha saa 11 alfajiri Mbeya mwezi wa saba, hiyo sauti si itatetemeka

Nami nitoe ushuhuda wa saa. Mwalimu wetu mmoja alitangaza darasani kwizi itafunguliwa saa 2 usiku itafungwa saa 4 usiku. Sote saa 2 tumekaa, bando tumeunga, kwizi haifunguki. Tukasubiri mpaka saa 4, kimya, tukalala. Asubuhi tunaamka, kwizi imefungwa, wote sifuri! Kumbe kwenye mfumo aliweka 2:00 mpaka 4:00, ambayo ni saa 8 usiku mpaka saa 10 alfajiri. Mtu mmoja tu ndo aliifanya, alikuwa anaamka kwenda haja akaona imefunguka. Mpaka leo tunamwita Mteule.

Mama Rungwe

Nimecheka mpaka chai imemwagika. Hii si utani lakini, mimi kwenye tangazo naandika 20:00 na pembeni saa mbili usiku, zote mbili.

Bishoo wa Forest

Wakuu mnajidanganya. Elimu ya onlaini ni uhuni wa kuokoa pesa ya kujenga kumbi. Muuguzi atajifunza kuchoma sindano kwa PDF? Injinia atajua kulehemu kwa kusikiliza sauti kwenye costa?

Mama Rungwe

Sindano hapana, na hakuna hapa aliyesema sindano. Lakini usiseme ni uhuni, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, na watu wamesoma huko wakiwa kazini Tunduma, Njombe, Songea, bila kukaa kwenye ukumbi kila siku. Wengine leo ni mabosi wako. Kinachofanya kazi kule ni kwamba mwanafunzi anajua mapema nini kinatakiwa na lini, siyo mwalimu anatupa linki dakika tano kabla.

La kumbi nakubaliana na wewe lakini. Wakuu wa idara wanatumia neno onlaini kama pazia.

Lekchara wa Uyole

Na ChatGPT je? Asainimenti ya kwanza nimepokea insha 40 zinaanza na sentensi moja. Nikaziingiza kwenye tovuti ya kukamata maandishi ya mashine ikanambia hata barua yangu ya maombi ya kazi ya mwaka 2016 imeandikwa na mashine.

fundi_seva

Hizo tovuti usizitumie kumhukumu mtu. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa kifaa chao cha kukamata mwanzoni mwa 2023, Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwasababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Wenye mashine wameshindwa kuitambua mashine yao, wewe na tovuti ya bure utaweza?

Mzee wa Sae

Badilisha swali. Ukiuliza "eleza umuhimu wa takwimu katika maendeleo" hata mimi ningempa mashine. Waambie waende sokoni, Mwanjelwa, Uyole, Soweto, kila kundi soko lake, wachukue bei ya debe la viazi kwa wauzaji 15, wapige picha karatasi waliyoandikia pale pale ikiwa na matope yake, wapige wastani na mkengeuko, waeleze kwanini muuzaji wa mwisho kaweka bei ya ajabu. Mashine haijafika Uyole kuongea na mama wa viazi. Alafu chagua kumi kila wiki kwa bahati nasibu, dakika tatu kila mmoja akueleze namba zake kwa mdomo. Huwezi kuwauliza 210 lakini wote watajua wanaweza kuulizwa.

dogo_wa_Kihesa

Mzee hii ni nzuri ila wauzaji watatufukuza, 15 unauliza bei hununui?

Mzee wa Sae

Nunua fungu moja la mwisho ule jioni. Hiyo ni gharama ndogo kuliko GB 1.8.

Bishoo wa Forest

Hapo kwenye viazi nimekubali. Yaliyobaki bado naona uhuni.

Lekchara wa Uyole

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, nisiwe mtu wa kuchukua ushauri na kupotea.

Kamera sijanunua. Nimenunua maiki ya kubana kwenye kola elfu ishirini na tano na rimu moja ya karatasi. Narekodi Jumapili alfajiri, vipande vitatu, naweka Moodle pamoja na kurasa za mkono, CR anatangaza. Zile siku za onlaini badala ya lekcha nafungua maswali tu, dakika 35, sauti bila kamera, makundi matatu ya 70 ili wote waingie. Nilitegemea watakuja wachache, kundi la kwanza walikuja 52, na wanauliza maswali ya maana kwasababu wameshasikiliza, mmoja akaniambia mwalimu ukurasa wa saba umekosea alama ya kutoa. Nilikuwa nimekosea kweli.

Ambacho hakijakaa sawa: wanafunzi 9 hawana simu janja, wana vitochi. Nimewapangia wakae na wenzao, na maktaba kuna kompyuta 14 zinazowaka ila inafungwa saa 11 jioni na wao wana vipindi mpaka saa 12. Nimeandika barua maktaba waongeze masaa mawili, bado sijajibiwa. Wawili kati ya hao 9 hawajafanya zoezi lolote na najua si uvivu. Mwenye wazo kwa hawa aseme.

Viazi vimeenda vizuri. Debe Uyole na debe Soweto bei zimeachana mpaka darasa likagombana nani kaibiwa, nikawaambia hiyo ndo mada ya wiki ijayo.

Mama Rungwe

Hao tisa, notsi za sauti ziweke kwenye kadi ya memori. Vitochi vingi vinapiga muziki wa kwenye kadi. Kurasa wapige fotokopi, ni chache. Mimi nilifanya hivyo kwa wanne, kila Jumatatu wananiletea kadi najaza upya. Kwizi wafanye kwa karatasi ofisini kwako.

Lekchara wa Uyole

Mama hii sikuwahi kuiwaza kabisa. Ndaga fijo, asante sana. Kesho naenda Kabwe kutafuta kadi tisa.

Na wanafunzi wangu mliomo humu, maana najua mmo, kwizi ya kwanza yenye maksi inafunguliwa Ijumaa saa 2.

KamweneJr

Saa 2 ipi mwalimu

Lekchara wa Uyole

08:00. Saa mbili asubuhi. Mpaka 20:00, saa mbili usiku. Nimeandika zote mbili.

Ngosha wa Kabwe

Mteule keshaweka alamu ya saa nane usiku